CHORA WAZO LAKO, WENZAKO WALIONE

Umemaliza kisomo. Unajua kusoma gazeti, kuandika barua na kupiga hesabu za dukani. Hongera sana. Lakini iko kazi moja inayowasumbua hata watu waliosoma sana. Kazi hiyo ni kupanga mawazo.

Mtu ana mambo kumi kichwani. Akishika kalamu, yote yanataka kutoka kwa pamoja. Anaandika tarehe, anaandika salamu, basi, kalamu inasimama. Mkutanoni ni vile vile. Watu ishirini wanasema, kila mmoja na lake. Jioni inafika, wanatawanyika, na hakuna anayekumbuka walipatana nini.

Leo tutaeleza njia moja inayosaidia. Njia hiyo ni kuchora. Hatusemi kuchora picha nzuri za watu na ng'ombe. Tunasema kuchora mawazo. Unaandika neno moja, unalizungushia duara, kisha unavuta mstari mpaka kwenye neno jingine linalohusiana nalo. Mchoro wa namna hii huitwa ramani ya mawazo. Unaweza kuuchora kwa kijiti chini ya mwembe. Unaweza pia kuuchora kwenye simu au kompyuta, na programu za bure zipo. Tutaeleza yote mawili. Lakini kwanza tusikilize habari moja ya hapa hapa kwetu Tabora.

ZIWA MOJA LILILOKUWA MATATU

Kanyenye ni kata ya Manispaa ya Tabora. Wazee wanajua kwamba mji huu ni mji wa njia ya misafara. Katika karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, ikapumzika. Kutoka hapa njia ziligawanyika. Moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji. Nyingine ilikwenda kaskazini. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Watu hao waliijua nchi kwa miguu yao.

Mwaka 1856 ilichapishwa huko Ulaya ramani ya sehemu hizi za bara. Ilitokana na kazi ya wamisionari wawili, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliokuwa wamekaa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wao wenyewe hawakufika kwenye maziwa. Waliuliza wasafiri. Waliopita njia ya Kilwa walitaja maji makubwa huko mbele. Waliokwenda Ujiji walitaja maji makubwa. Waliokwenda kaskazini nao walitaja maji makubwa. Wamisionari wakafikiri kwamba maji hayo yote ni mamoja. Basi wakachora ziwa moja, refu na kubwa ajabu. Lilifanana na konokono asiye na gamba.

Mwezi wa Novemba 1857, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika hapa. Katika vitabu vyao mahali hapa wamepaita Kazeh. Hapa walimkuta mfanyabiashara wa Kiarabu kutoka Oman, jina lake Snay bin Amir. Speke akaifungua ile ramani mbele yake, akamwuliza Nyasa iko wapi.

Snay alieleza kwamba Nyasa ni ziwa la peke yake, liko kusini, wala si lile la Ujiji. Speke akauliza tena, na Ukerewe je? Akaambiwa kwamba hilo nalo ni ziwa jingine, liko kaskazini, na ni kubwa kuliko la Ujiji. Hapo ndipo wageni wakaelewa. Ziwa moja la kwenye karatasi lilikuwa maziwa matatu. Leo tunayaita Nyasa, Tanganyika na Victoria. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti 1858, Speke alilifikia lile la kaskazini karibu na Mwanza. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakinywa maji yake siku zote.

Sasa tujiulize. Habari hii inatufundisha nini?

Kwanza, mchoro unaweza kubeba kosa. Ramani ile ilichorwa vizuri, ikachapishwa na wasomi, na bado ilikosea.

Pili, kosa lilionekana kwa sababu lilikuwa limechorwa. Maneno hupita kama upepo. Mchoro unakaa. Unaweza kuweka kidole na kusema, "Hapa sivyo."

Tatu, aliyesahihisha ni mtu aliyeijua nchi. Karatasi haikujisahihisha yenyewe.

Tushike jambo hili, maana ndilo kiini cha makala hii. Mchoro wa mawazo ni swali unaloliweka mbele ya wenzako. Usipowaonyesha wanaojua, umechora konokono.

MFANO WETU: DENI

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya mkulima wa tumbaku. Ni nyumba ya kubuni, lakini wakulima wengi wa mkoa wetu wataitambua.

Msimu umekwisha. Tumbaku imeuzwa. Baba amerudi na fedha kidogo sana, na bado anadaiwa. Anakaa kimya. Mama akimwuliza, anajibu neno moja tu, "Deni." Watoto wakiomba madaftari, jibu ni lile lile, "Deni." Neno limekuwa kama ukuta. Hakuna anayeona nyuma yake.

Jioni moja kijana wao wa sekondari anachukua kijiti. Anachora mti chini, mbele ya nyumba. Kwenye shina anaandika DENI. Anasema, "Mwalimu ametufundisha hivi. Mizizi ni sababu. Matawi ni matokeo. Haya baba, mzizi wa kwanza ni upi?"

Baba anasema ni mbolea, kwa sababu imechukuliwa kwa mkopo katika chama cha msingi. Kijana anachora mzizi, anaandika MBOLEA. Baba anaongeza kwamba tumbaku nyingine iliungua kwenye bani, ikapata daraja la chini. Mzizi wa pili. Kuni nazo zilinunuliwa, kwa sababu msitu wa karibu umekwisha. Mzizi wa tatu.

Mama alikuwa akitazama tu. Sasa anasogea.

"Baba watoto, usiniudhikie. Mbona ule wa mahindi hamjauchora?"

"Upi?"

"Mwezi wa sita tuliuza magunia ya mahindi. Januari tukaishiwa. Tukakopa mahindi kwa jirani, tukaahidi kurudisha zaidi ya tulichochukua. Si deni hilo? Na daftari la dukani nalo? Sabuni, mafuta ya taa, sukari ya wageni. Mimi ndiye ninayetumwa kule, kwa hiyo nalijua."

Baba anakuna kichwa. Haya, kijana anafuta shina moja, anachora mashina matatu. La kwanza, DENI LA CHAMA. La pili, DENI LA MAHINDI. La tatu, DENI LA DUKA.

Umeona, msomaji? Ni kama yale maziwa. Lilikuwa neno moja, kumbe ndani yake mna madeni matatu. Na kila deni lina dawa yake. La chama linataka kuhesabu upya eneo la kulima, mbolea na kuni kabla ya kuchukua mkopo. La mahindi linataka kutouza chakula cha nyumbani mapema. La duka linataka daftari la nyumbani, ili wanunuzi wajue wanachodaiwa wao wenyewe, wasisubiri kuambiwa na mwenye duka. Mtu akiyachanganya yote pamoja, atalaumu bei ya tumbaku peke yake. Bei inaweza kuwa na lawama yake kweli. Lakini mwakani mahindi yatauzwa tena mwezi wa sita.

Tena angalia nani alifungua jambo. Ni mama. Baba alijua habari za chama na za bani. Mama alijua habari za ghala na za duka. Kila mmoja alikuwa na kipande. Mchoro uliviweka vipande pamoja mahali ambapo wote wanaona.

KALENDA YA MWAKA

Mti unaonyesha sababu. Hauonyeshi wakati. Kwa hiyo iko michoro mingine. Wa pili ni kalenda. Chora mstari mrefu, uugawe sehemu 12. Kwenye kila mwezi weka kokoto kwa ajili ya kazi, punje za mahindi kwa ajili ya chakula, na majani makavu kwa ajili ya fedha. Nyingi zikiwa nyingi, chache zikiwa chache.

Kalenda ya nyumba ile ya mfano inaweza kuwa hivi:

Agosti na Septemba: vitalu vya tumbaku. Kumwagilia kila siku. Chakula kipo.

Novemba na Desemba: mvua zimeanza. Kupanda tumbaku, kupanda mahindi, kupalilia. Kokoto zinajaa.

Januari: shule zinafunguliwa. Sare na madaftari yanatakiwa. Punje ni chache. Majani ya fedha hakuna kabisa.

Februari mpaka Aprili: kuchuma na kukausha tumbaku. Usiku watu wanakesha kwenye bani.

Mei mpaka Julai: masoko. Fedha zinaingia. Mahindi yamevunwa, na wanunuzi wanapita vijijini.

Kijiji chako kinaweza kuwa tofauti. Chora cha kwako. Katika mfano huu tazama Januari. Chakula kimepungua, fedha hazipo, kazi ni nyingi, na ndiyo siku mtoto anataka daftari. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa katika shule za serikali, kuanzia shule ya msingi mpaka kidato cha nne. Lakini sare na madaftari mzazi ananunua. Kumbe jambo la Januari huamuliwa mwezi wa sita, wakati gunia bado lipo na fedha ziko mkononi. Ukilieleza kwa mdomo, watu wataitikia kwa kichwa tu. Wakiona sehemu ya Januari iko tupu, wataguna.

WENZETU WA BUNDIBUGYO

Usifikiri kuchora chini ni mchezo wa watoto. Kati ya mwaka 1993 na 1995, shirika la ActionAid lilijaribu njia mpya ya kisomo katika nchi tatu: Uganda, Bangladesh na El Salvador. Kwa Uganda ilikuwa Bundibugyo, wilaya ya magharibi iliyo mpakani na Kongo, chini ya milima ya Ruwenzori. Njia hiyo iliitwa Reflect.

Wanakisomo hawakuanza na kitabu cha kwanza kama tulivyoanza sisi. Walianza kwa kuchora pamoja. Walichora ramani ya kijiji, kalenda ya kazi na miti ya matatizo. Walitumia vijiti, mawe, mbegu na majani. Baada ya kujadiliana, mchoro ulihamishiwa kwenye karatasi kubwa. Hapo ndipo waliandika maneno. Maneno ya kwanza kujifunza yalikuwa ya mambo yao wenyewe. Baadaye njia hiyo ilienea katika nchi nyingine nyingi.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Mtu asiyejua kusoma hajui herufi, lakini anajua kijiji chake. Akichora, anaanza na kile anachokijua. Herufi zinafuata.

DARASANI

Walimu nao wameitumia michoro hii muda mrefu. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Joseph Novak na wenzake walianza mwaka 1972 kuchora yale ambayo watoto wameyaelewa katika masomo ya sayansi. Katika michoro yao kila mstari una neno lake. Kwa mfano, MAHINDI, mstari, "yanahitaji", mstari, MAJI. Neno la kwenye mstari ndilo linaloonyesha kama mtoto ameelewa au amekariri tu. Uingereza, Tony Buzan aliieneza namna nyingine kuanzia miaka ya 1970 kwa vitabu na televisheni. Yeye aliweka jambo kuu katikati, na mawazo yakatoka kama matawi, kila tawi na rangi yake.

Kwa darasa la kijijini michoro minne inatosha:

1. Buibui. Jambo moja katikati, miguu pande zote. Ni wa kukusanya mawazo kabla ya kuandika barua au insha.

2. Mti. Shina ni tatizo, mizizi ni sababu, matawi ni matokeo.

3. Kalenda. Ni ya mambo yanayofuatana au yanayobadilika kwa majira.

4. Duara mbili zinazopandana. Ni za kulinganisha. Duara moja andika TUMBAKU, nyingine NYUKI. Pale zinapopandana andika yaliyo sawa: zote mbili zinaleta fedha, zote zinategemea msitu. Kisha jiulize, ipi inaumaliza msitu na ipi inataka ubaki?

Mzazi anaweza kumsaidia mtoto hata kama somo halijui. Mwambie, "Nichoree ulichofundishwa leo." Kisha weka kidole kwenye mstari mmoja, uulize, "Hiki na hiki vinahusiana vipi?" Akishindwa kujibu, amejua mwenyewe mahali pa kurudia kusoma.

KWENYE SIMU NA KOMPYUTA

Siku hizi michoro hii inachorwa pia kwa programu za kompyuta. Nyingine unaziweka ndani ya kompyuta, nyingine unazifungulia kwenye intaneti. Hizi hapa ni chache zinazopatikana bila kulipa.

Freeplane ni programu ya kompyuta ya kuchora buibui na matawi yake. Ukishaiweka, inafanya kazi bila intaneti. Kwa shule yenye kompyuta moja na mtandao wa kubahatisha, hiyo ni faida kubwa.

CmapTools imetengenezwa na taasisi moja ya utafiti ya Florida, Marekani. Ni ya michoro ya Novak, ile yenye maneno kwenye mistari.

Draw.io hufunguliwa kwenye intaneti. Inachora miti, duara, majedwali na mengine mengi, wala huhitaji kujiandikisha.

Canva ina sehemu ya bure yenye michoro iliyokwisha pangwa. Walimu wa shule za msingi na sekondari wanaweza pia kuomba ile ya elimu, nayo hawalipii.

Faida ya programu hizi ni tatu. Kosa linafutika bila kuharibu karatasi. Tawi linaweza kuhamishwa. Na mchoro unaweza kutumwa kwa mwenzako aliye mbali, naye akaongeza lake.

Lakini tusidanganyane. Programu ni ya bure, bando si la bure. Zaidi ya hapo, soma kabla ya kukubali. Nyingine zinakupa michoro michache bure, ukizidisha zinadai fedha. Usiandike humo siri za nyumba yako, wala namba za siri za simu au benki.

Liko jambo jingine kubwa zaidi. Simu ina kioo kidogo. Anayeona ni yule aliyeishika. Kumbuka ile nyumba ya mfano wetu. Kama kijana angechora mti kwenye simu yake akiwa peke yake chumbani, angeandika mizizi ya baba tu. Mama asingesogea. Shina lingebaki moja.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua chombo, jiulize hivi: nani anatakiwa aone mchoro huu? Kama ni wewe peke yako unayejiandaa kwa mtihani, simu inafaa. Kama ni wanafunzi 60, ubao unafaa. Kama ni mkutano wa kijiji, uwanja na kijiti vinafaa kuliko vyote. Mkutano ukiisha, mtu mmoja anakili mchoro kwenye daftari, au anaupiga picha kwa simu kabla mbuzi hawajapita juu yake.

ANZA LEO

Ndugu msomaji, huhitaji kusubiri kompyuta ije. Jioni ya leo, baada ya kula, chukua kijiti. Chagua jambo moja linaloisumbua nyumba yako. Liandike chini. Kisha mpe kijiti mwenzako kabla hujaandika la pili.

Kijiti kikirudi kwako, huenda utakuta ziwa lako moja limekuwa matatu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ramani ya mwaka 1856 ilionyesha ziwa moja badala ya matatu? Nani aliisahihisha?

2. Katika mfano wa deni, mama alijua nini ambacho baba hakukitaja?

3. Choreni kalenda ya kijiji chenu. Ni mwezi gani kazi ni nyingi na chakula ni kichache? Mnaweza kufanya nini kabla mwezi huo haujafika?

4. Taja neno moja linalotumika sana katika mikutano yenu, kama vile "maendeleo" au "tatizo la maji". Lichoreni. Je, ni jambo moja, au ndani yake mna mambo mengi?